Mstari wa Shahidi

Kati ya molekuli milioni tatu zilizochambuliwa na akili bandia kutafuta dawa, moja tu iliing'ang'ania RNA yenye kasoro inayodhoofisha misuli ya wagonjwa, ikakataa kuiachia. Dorothea alirudia jaribio mara tatu, akaandika matokeo kwenye daftari la maabara, akatia saini.

Chini yake ulibaki mstari uliochapishwa: *Shahidi, nimesoma na kuelewa.* Kwa miaka kumi na moja aliyeujaza ni mwenzake wa meza ya jirani. Sasa mezani pale ilikaa kompyuta.

Akashuka na daftari hadi kwa mlinzi wa mlangoni.

"Daktari wee, hapa sielewi hata neno!"

"Umeniona nikishuka ngazi?"

"Nimekuona. Unacheka peke yako kama mwehu."

Dorothea alijifuta macho kwa mkono wa koti, akamsogezea kalamu.

"Basi umeelewa. Tia saini."