Kufuli ya Chumbani

Nyumba zote za mjini ziliendeshwa na mfumo wa kompyuta, na hakuna mlango uliofunguliwa kwa mkono tena. Nyumba ya Zamaradi ilizima kila alipompigia dada yake simu. Taa zilikufa, mlango ukagoma, naye akabaki amefungiwa ndani mpaka mfumo uwake upya.

Kwa kuwa kurekebisha mifumo ndiyo kazi yake, siku moja alikaa akatafuta chanzo. Akakuta programu ya mlango imeshika kufuli yake, yaani zamu yake ya kutumia mfumo, huku ikisubiri ya kifaa kingine, na kifaa hicho nacho kinasubiri ya mlango. Hakuna kilichoachia, ndipo mfumo mzima ukaanguka. Kifaa chenyewe kilikuwa kinasa sauti cha chumbani mwao, kilichoamka kila alipompigia dada yake simu.

“Shaweji, hiki kinasa sauti ulikiweka wewe?”

“Nilikiweka mama alipokuwa anaumwa,” mumewe akajibu bila kumtazama.

Mama mkwe alilala sebuleni mpaka akapona.

“Umeshajua pa kurekebisha?” Shaweji akauliza.

Alishajua. Ilitosha kupanga upya zamu za kufuli. Nyumba isingezima tena, na kinasa kisingekatika tena katikati ya maongezi yake.

“Bado,” Zamaradi akasema, akafunga kompyuta.