Mfuko wa Kima

Hewa ya zizi ilipochafuka, wanyama walimwita Kima, mjuzi wa kila kitu, apime gesi ya Ng'ombe. Ikizidi, Ng'ombe atalala nje mvuani.

Kima akafunga mfuko chini ya mkia, akangoja. Ng'ombe alicheua taratibu. Hadi jioni mfuko ulikuwa umenywea.

"Bwana Kima, hebu pima na huku mbele," Mbuzi akasema.

"Wewe utanifundisha gesi inakotokea?" Kima akamfokea, kisha akatangaza: "Ng'ombe hana hatia!"

Kwa furaha Ng'ombe akamgeukia amshukuru. Alipofungua kinywa, ikamtoka mbweu nzito iliyomwangusha Kima chali.

"Utapima upya?" Mbuzi akauliza.

"Nikishapima nimepima!" Kima akajibu, machozi yakimtiririka.

Aliyelala nje mvuani siku hiyo ni Kima, tena kwa kuomba mwenyewe.