Viraka vya Sufiani

Siku hizi mzee akianza kusahau, ndugu zake humwandikia viraka vya kumbukumbu na kuvituma kwa barua pepe. Anayevitia ni mwenzi wake. Sheria hairuhusu mkono mwingine. Mume wangu Sufiani alikuwa ameshaanza kuniita muuguzi.

Wifi yangu Kidawa alinitumia viraka vya maisha yetu. Kila nikitia kimoja, kifaa kilicho nyuma ya sikio la Sufiani kinakikataa. Nikampigia Kidawa simu.

"Wifi, umeanza na cha harusi!" Kidawa alicheka. "Ataoaje kabla hujampa siku mliyojuana? Anza na cha zamani kabisa. Kaka yangu si kanzu, utie kiraka popote."

Nikavipanga upya kwa tarehe kwenye simu yangu, nikavitia kimoja kimoja huku nimemshika mkono. Safari hii vyote vikaingia. Sufiani akanitazama usoni.

"Mwanaheri, mbona umesimama? Kaa, mke wangu."

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na maandazi.

Tulipokuwa tunakunywa chai akaniuliza, "Unakumbuka nilivyokubeba mgongoni kwenye mvua, uliposhikwa na uchungu?"

Aliyenibeba siku ile ni Kidawa. Sufiani alikuwa safarini. Wifi yangu alikuwa amempa kaka yake wema wake mwenyewe.

Simu ilikuwa mezani, bado inaniuliza kama kuna kiraka cha kutengua. Nikaifunika kwa kawa ya maandazi.

"Nakumbuka," nikamwambia. "Ulilowa chapachapa."