Mkono wa Cherehani

Skrini ilimfungia Kaa Wima kwa mara nyingine, naye akaipiga meza ngumi. Kutoka mapokezini, Cherehani alisikia kishindo kile, na roho yake ikaburudika.

Kitabu cha hesabu cha watoto wa shule kilitakiwa kifike kiwandani kupigwa chapa kabla ya ofisi kufungwa. Kilikuwa kwenye kompyuta ya Kaa Wima, msimamizi wa wachapaji, kikingoja apitie kurasa za mwisho. Lakini kila alipoanza, skrini ilijifunga na kumwamuru asimame, anyooshe mikono, atazame mbali. Ikifunguka, anasoma mistari miwili mitatu, inajifunga tena.

"Nyoosha, baba," Cherehani alinong'ona. "Nyoosha na wewe uone."

Jina la Cherehani alipewa na wenzake, kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikichapa bila kituo. Hakuwa na mpinzani. Siku alipoletewa kompyuta mpya alimwita fundi wa ofisi, ambaye ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, akamwambia aisafishe: kila kinachochomoza kwenye skrini na kumchelewesha akiondoe, wala asimsomee ni nini. Kompyuta ikawa nyepesi. Akachapa asubuhi hadi jioni bila kuinua kichwa.

Wachapaji wenzake wawili kutwa walikuwa wakiinuka kwenda kuchungulia dirishani, na Kaa Wima hakuwasema. Aliyesemwa ni yeye. "Kaa wima! Vuta kiti! Mkiambiwa mpumzike, pumzikeni!" Bwana yule alipita nyuma ya viti akiyarudia hayohayo mpaka yakawa jina lake. Wapumzike, nani kawaambia? Kazi zilizidi kurundikana mezani kwa Cherehani, na mletaji ni yeye huyohuyo.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kufa ganzi. Ulianzia vidoleni, ukapanda hadi kiwikoni, mpaka siku moja akaangusha birika la chai ya moto mbele ya mama mkwe. Sasa binti yake husukwa nywele na jirani, maana mama mtu hawezi kushika hata kichanuo.

"Ofisini kwenu hawakuwawekea programu ya kuwapumzisha?" daktari alimuuliza. "Msimamizi mwenye utu huiweka. Ingekuokoa mkono huu."

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipohamishiwa mapokezini, kupokea simu kwa mkono wa kushoto, chuki ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi na kumfikisha kazini. Hakutaka fidia wala pole. Alitaka Kaa Wima aumie.

Ndipo akamwendea shemeji.

"Shem, ile programu ya kupumzisha watu unaijua?"

"Kwa nini nisiijue?"

"Basi nataka imbane Kaa Wima. Siku ya kupeleka kitabu. Imbane mpaka alie."

Shemeji akacheka. "Kumbe hujamsamehe tu? Shemeji yangu una kisirani wewe!"

"Nimsamehe kwa lipi? Utanifanyia au hunifanyii?"

Kijana alikuwa amekaa kwake na kula kwake miaka yote ya chuo. Angemkataliaje? "Haya. Ila nikifukuzwa kazi, utanilisha tena."

Na sasa siku ndiyo hii. Kaa Wima alitoka ofisini kwake jasho likimtiririka. Wachapaji alikwisha kuwatuma kiwandani wakawaombe wavute subira.

"Fundi hapokei simu yangu," alisema. "Hebu mjaribu wewe, binti. Si shemeji yako?"

Cherehani akabonyeza namba ambazo hata yeye hakuzijua, akasikiliza kidogo, akarudisha simu mahali pake. "Hapatikani, bosi."

Kaa Wima akautazama ule mkono uliolala juu ya meza. "Unaendeleaje?"

"Upo."

"Nilidhani ulikuwa unapumzika ukiambiwa," alisema taratibu. "Mpaka leo sielewi."

Damu ilimchemka Cherehani. Amemuua mkono, kisha anamlaumu! Akamezea, akamtazama akirudi kwenye skrini yake, na hakumwonea huruma hata chembe.

Kitabu hakikufika. Kiwanda kikaingiza kazi ya watu wengine, na shule zikafunguliwa bila vitabu. Tajiri, mwenye ofisi, hakutaka kusikia habari za skrini. Kaa Wima alipita mapokezini na katoni ya vitu vyake kifuani, mgongo umempinda, akaaga kwa sauti ambayo haikusikika vizuri. Wachapaji walilia. Cherehani alimsindikiza kwa macho hadi mlangoni, akaona haki imetendeka.

Hakungoja hata afike nyumbani. Akampigia shemeji.

"Shem, wewe ni mwanamume! Kaondoka! Leo njoo nikupikie unachotaka. Lakini hebu nieleze, uliwezaje kumwingizia programu ile bila yeye kujua?"

"Kumwingizia? Ilikuwamo toka zamani, shemeji. Mimi niliikaza tu."

"Ilikuwamo?"

"Kwenye kompyuta zote. Aligombana na tajiri mpaka akakubaliwa kuiweka. Mlipoletewa zile mpya alinisimamia mwenyewe, moja moja. Yako ndiyo uliyoniambia niing'oe, nami sikumwambia."

Cherehani alitaka kuuhamishia ule mkono mwingine simu, akakumbuka kwamba hauwezi kuishika.

"Shemeji? Upo?" Sauti ya kijana ilikuwa bado na kicheko. "Si ndiyo maana ulikuwa unamchukia, kwa kuwawekea hiyo programu?"