Baba Anaye, Mimi Ninaye

"Dada, njoo uone," mwenzake wa maabara alimwita mpimaji. "Yule kijana aliyejitolea kutoa uboho ana kinasaba cha kinga kisichojulikana popote."

Akainama kwenye kioo cha mashine, akasoma matokeo mara mbili. Aliwahi kukiona katika damu ya marehemu mwanawe, mashine ya wakati ule ikakiita kosa. Yeye mwenyewe hakuwa nacho. Mtoto alikirithi kwa baba. Na uboho wa kumfaa haukupatikana.

Usiku wake wa mwisho kitandani, mtoto alimtegea kitendawili: "Baba anaye, mimi ninaye, wewe huna."

"Babu yako."

"Umekosa. Nipe mji, nikupe jibu."

"Mji sikupi ng'o, nitalijua mwenyewe," alijibu akicheka. Kulipokucha mtoto alikuwa amekwenda na jibu lake.

Sasa akaondoka kwenye mashine, akasukuma mlango wa chumba cha kutolea damu. Kijana alikuwa amebana pamba mkononi, kidole chake cha mwisho kimepinda kwa ndani, kama cha mumewe, kama cha mwanawe.

"Vipi mama, damu yangu ina kasoro?"

Akakishika kile kidole. Kilikuwa na joto.

"Haya, mwanangu," alinong'ona, na hakuwa akisema na huyu. "Nakupa mji."