Alichokiimba Perpetua

Perpetua aliuimba wimbo ule wa Kiitaliano bila kuelewa hata neno moja. Onesmo, aliyempigia piano, ndiye aliyeuchagua na kumfundisha matamshi. Kila alipoulizwa maana yake alijibu, "Unasifia maua ya masika," kisha akainamia piano kama mtu aliyeangusha kitu.

Makofi yalipotulia ukumbini, Sista Doroteya, aliyesoma Roma ujanani, alikuja mbele akifuta macho.

"Mwanangu, mmeoana lini nyie?"

"Nani, Sista?"

"Wewe na mpiga piano wako. Mtu atamwambiaje mwenzake, mbele ya kadamnasi, 'Nifungulie mlango, nimechoka kukupenda nikiwa nje,' kama si mumewe?"

Watu wa viti vya mbele wakaangua kicheko. Perpetua akageuka. Onesmo alikuwa akikusanya karatasi za muziki kwa haraka, na nusu yake zilikuwa zimemwagika sakafuni.

"Mwalimu, hayo ndiyo maua?"

"Nilitaka nikusikie ukiyasema," alijibu kwa sauti ndogo, "hata kwa lugha usiyoijua."

Perpetua akacheka kwa furaha. Aliinama, akaziokota karatasi, akampangia mbele yake.

"Basi tuurudie. Safari hii nataka kuimba nikijua namwambia nani."

Onesmo akakosea noti ya kwanza, akaanza upya. Na Perpetua, ambaye siku zote aliimba akiwatazama watu, akawapa mgongo.