Mkanda wa Langoni

Kwa mara ya tatu wiki ile, fundi alikuta ngazi yake imefichwa.

Safari hii ilikuwa nyuma ya tangi la maji. Aliiburuta hadi langoni, jasho likimtoka, akamkuta Mzee Kitasa amekaa mlangoni mwa kibanda chake cha ulinzi, anakunywa chai bila haraka.

"Mzee, unadhani ukinifichia ngazi kamera hazitafungwa?"

"Zitafungwa," alisema mlinzi. "Lakini zitachelewa."

Walimwita Kitasa kwa sababu lango la makao yale ya watoto halikuwahi kufunguka bila mkono wake, miaka ishirini na minane sasa. Fundi naye alikulia humo humo. Faili lake lilikuwa na tarehe na mstari mmoja tu: mtoto wa kiume, siku nne, ameachwa langoni alfajiri. Mstari huo ndio uliomfanya ajitolee kufunga kamera hizo kwa mikono yake, na ndio uliomnyima utulivu tangu Jumatatu. Alipanda, akashuka, akakumbuka ameacha bisibisi juu, akapanda tena, anahangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Kwamba kamera mpya zilihitajika, hakuna aliyebisha. Mwezi uliopita kichanga kiliachwa langoni kwenye mvua wakati mlinzi anazunguka uzio wa nyuma. Kamera ya zamani ilikiona, lakini picha yake iliishia kwenye runinga ya kibandani, na kibandani hapakuwa na mtu. Mtoto alilazwa wiki mbili kwa kichomi.

"Hizi zinatumia mtandao," fundi alimweleza Mama Mlezi, mkuu wa makao, alipokuja kukagua. "Mtu akisogea langoni tu, simu yako inalia, hata ukiwa safarini. Waya mmoja unabeba umeme na picha. Na sura utaiona mpaka kope. Ile ya zamani ilikuonyesha kivuli. Ukijaribu kumkuza mtu, anageuka uji."

"Simu ilie, sawa," Mzee Kitasa alidakia. "Sura za nini?"

"Wanaotupa watoto wajulikane."

"Anayetupa hachagui mahali penye taa, mwanangu. Wakijua wanaonekana sura, hawatakuja tena hapa. Watawaacha mitaroni."

"Mama anayemwacha mwanawe hana haki ya kufichiwa siri."

"Unajuaje kuwa ni mama? Wengine wanafika hapa wametoka kumzika huyo mama."

Mama Mlezi aliwatazama wote wawili, akasema simu ndiyo muhimu, hayo mengine watayazungumza kikaoni. Akaondoka.

Mchana fundi aliingia kibandani kung'oa mashine ya zamani. Mikanda ya video ilikuwa saba, mmoja kwa kila siku ya wiki, imerekodiwa tena na tena mpaka maandishi yamefutika. Alipolisogeza kabati ili afuate waya, ukaanguka wa nane, umeviringishwa kwenye kitambaa safi. Ulikuwa umeandikwa tarehe moja tu.

Tarehe ya faili lake.



"Urudishe huo." Mzee Kitasa alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilikuuliza nikiwa na miaka saba! Hapa hapa, ukinifundisha kufungua redio. Nikakuuliza, nani aliniacha? Ukasema siku hiyo picha haikutoka. Kumbe miaka yote unamficha mama yangu!"

"Humo hamna mama yako."

"Basi acha nione mwenyewe."

"Mwanangu, nilikuwa nikitafuta siku ya kukueleza. Kila mwaka nilisema mwaka huu."

Fundi hakumsikiliza tena. Aliusukuma mkanda mashineni. Mara mbili uliingia upande. Mara ya tatu mashine ikaumeza. Mzee hakumzuia. Alivua kofia yake ya kazi, akaishika kwa mikono miwili kifuani.

Picha ilikuja ya kijivu, inarukaruka: lango, taa yake, kona ya kibanda, kipande cha barabara. Fundi aliikodolea macho barabara. Angetokea huko. Angekuwa amejitanda, labda, akigeuka nyuma kila hatua. Alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia tangu utotoni, na sasa, mbele ya kioo cha runinga, hakulikumbuka hata moja.

Mbwa akapita. Baiskeli ikapita. Barabara ikabaki tupu.

Aliharakisha mkanda, akausimamisha, akaurudisha nyuma, akauacha uende tena. Hakuna mwanamke aliyetokea.

"Yuko wapi, Mzee? Mbona hafiki?"



Ndipo kwenye picha mlango wa kibanda ukafunguka, akatoka mlinzi kijana mwenye sare na kofia ile ile, amekumbatia blanketi. Akaliweka taratibu chini ya taa, akapiga magoti kando yake kwa muda mrefu, kisha akasimama, akajifuta uso, akabonyeza kengele ya lango alilokuwa akililinda mwenyewe.